Vifungo Sita vya Shati

Fundi cherehani aliamka na wimbo mdomoni. Alifagia nyumba, akafua mapazia, akamwambia binti yake, "Leo wanatupa dadu. Kesho baba yako yuko hapa, usiwe na shaka."

Mumewe alikuwa mpishi katika kambi ya machimbo ya mawe, mbali sana. Kila mapumziko wafanyakazi walitupa dadu, kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka wote. Aliyepata mbili, nne au sita alikwenda nyumbani. Safari hii msimamizi alilainika, akaongeza kanuni: hata aliyepata zaidi ya tatu aende.

Fundi alipiga hesabu chapuchapu. Kanuni ya kwanza ni nusu ya dadu. Ya pili ni nusu nyingine. Nusu na nusu ni nzima! Alikuwa amemshonea mumewe shati jeupe, akabakiza vifungo tu, ampime kwanza.

Jioni simu ililia.

"Mke wangu, nimepata tatu. Nimebaki."

Fundi alilikunja lile shati, akaliweka kando. Alimkumbuka mumewe mpaka kukoroma kwake, kelele aliyokuwa akiilalamikia kila siku.

Jirani yake, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alikuja kuchukua sketi, akamkuta analia.

"Wamemdhulumu, mwalimu! Nusu na nusu, imekuwaje abaki?"

"Pole, dada. Hebu lete chaki na vile vifungo."

Mwalimu aliandika kwenye kitambaa: 1, 2, 3, 4, 5, 6.

"Weka kifungo kwenye kila namba ya kanuni ya kwanza."

Fundi aliweka kwenye 2, 4 na 6.

"Sasa kanuni ya pili."

Aliweka kwenye 4, 5 na 6. Akashtuka. "Nne ina viwili! Na sita pia!"

"Hizo umezihesabu mara mbili. Tatu jumlisha tatu ni sita. Toa mbili zilizojirudia, zinabaki nne."

"Nne kati ya sita," Fundi alisema polepole. Alizitazama 1 na 3, tupu kabisa. "Na mume wangu kaangukia hapo."

"Nafasi ilikuwa nzuri, dada. Lakini haikuwa hakika."

Asubuhi Fundi alimpigia mumewe, akamweleza habari ya vifungo. "Mwambieni msimamizi hivi: aliyeangukia moja au tatu, mapumziko yajayo aende bila kutupa dadu."

Waliobaki walimwendea msimamizi pamoja. Alikuna kichwa, akakubali.

Mapumziko yalipokaribia, binti aliuliza, "Mama, akipata tatu tena?"

"Safari hii hatupi dadu."

Baba aliingia na vumbi mpaka kwenye kope. Amekonda, shati linampwaya. Fundi alilipunguza ubavuni, akamvisha tena, akashona vifungo shati likiwa mwilini.

"Bado tu?" mumewe aliuliza.

"Bado. Tulia."

Kifungo cha mwisho kilichukua muda mrefu kuliko vyote.