Picha Safi ya Mama Cédric

Sikilizeni, majirani zangu wa Bellevue, na ninyi wa Yeoville na Malvern mnaosali nasi. Nitasema wazi. Atakayenuna na anune.

Jumamosi ile ua wetu ulikuwa umetulia. Agnès, Mama Cédric, alikuwa barazani na cherehani yake, akishona sare za kwaya huku akiimba. Ghafla wimbo ukakatika. Alishika kisogo, akalia, "Kichwa kinapasuka!" Akatapika juu ya kitenge.

Hospitalini picha ya kwanza ya kichwa ilionyesha damu imevuja kuzunguka ubongo. Wakamdunga dawa ya rangi mkononi, wakapiga ya pili, ya kutafuta mshipa uliotuna na kupasuka. Hawakuuona.

Mumewe, Ignace, mlinzi wa benki, hakungoja. Aliipiga picha skrini ya daktari kwa simu, akairusha kwenye grupu la kanisa: "Picha safi! Adui ameaibika!" Amina zikamiminika. Mchungaji akapanga ushuhuda Jumapili.

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. "Baba, damu hii ina chanzo, na hatujakiona. Picha hii inaweza kukosa uvimbe mdogo wa mshipa. Tunataka ya tatu. Tunapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi mishipa ya shingo, tunamwaga dawa humo humo. Ina hatari yake, ndogo, lakini ndiyo inayoona vizuri zaidi."

"Mrija upandishwe hadi shingoni? Hapana. Mungu ameshajibu."

Mimi, jirani niliyewasindikiza hospitalini, nilimfuata Ignace kwenye korido. "Shemeji, unaogopa mrija au unaogopa grupu?"

"Mama Murielle, diploma yako ya hoteli haikukufanya daktari."

"Na kusimama mlangoni mwa benki hakukukufanya nabii. Mwache alale hapa!"

"Eish! Nimeshawaambia watu amepona. Sasa niwaambie Mungu amebadili neno? Wewe una wivu tu."

Nilirudi kitandani kwa Agnès. Alikuwa amefumba macho kwa maumivu. "Usigombane naye, dada," alinong'ona. "Nitafanya anavyotaka."

Wakatia saini ya kukataa picha ya tatu, Ignace akamtoa.

Jumapili ile picha ikaonyeshwa ukutani kwa projekta, kubwa kuliko dirisha. Nawauliza ninyi mliopiga makofi: nani kati yenu alijua anatazama nini?

"Simama, mama, wakuone!" Ignace alisema.

Agnès akasimama, akafungua mdomo aimbe, akaanguka chini ya picha yake mwenyewe. Na ninyi mkadhani ni Roho! Mkazidisha nyimbo. Niliposukumana hadi mbele, mama mmoja alinivuta gauni.

"Usimguse, anahudumiwa!"

"Anakufa! Toka hapa, ita ambulensi!"

Picha ya tatu ilipigwa siku hiyo hiyo, kwa mrija ule ule uliokataliwa. Ikauona uvimbe, mdogo kama punje ya mtama, na madaktari wakauziba kwa kupitia humo humo. Agnès hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haushiki sindano, na maneno hayaji. Sare za kwaya bado ziko barazani, hazina mikono.

Nilimwambia Ignace aifute ile picha kwenye grupu. Alikuwa akimlisha mkewe uji. Hakuniangalia.

"Wataniona mwongo," alisema.

Mpaka leo ipo, na amina zenu chini yake.

FUNZO

Picha moja ya hospitali haijibu kila swali. Ya kwanza ilionyesha damu, ya pili ilitafuta mshipa ikaukosa, ya tatu ikaukuta. Daktari akisema hajaona chanzo, hajasema hakipo. Muulize kipi kinafuata, na mgonjwa abaki kitandani mpaka ujibiwe.

Ombeni. Hata mimi naomba. Lakini ushuhuda ungoje daktari amalize, kwa sababu ukishamtangaza mgonjwa kuwa mzima, utaanza kulinda tangazo lako badala ya kumlinda yeye.

Na wewe, Ignace, ungekiri kwamba uliharakisha, aibu yako ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Agnès amebaki na ukimya wa maisha yake yote.