Kitabu Kisichochanwa

"Harriet! Hebu njoo uone maajabu ya huyo anayekuposa!"

Shangazi Drusilla alikuwa amesimama mbele ya kabati la Bwana Pettifer, kitabu mkononi, macho yamemtoka. Mwenye nyumba, mchapishaji anayejulikana mtaa mzima wa Paternoster, alikuwa ameteremka dukani mara moja kuongea na mpiga chapa. Chai ilikuwa bado inafuka mezani. Nje ukungu wa London ulikuwa umeegemea dirisha, na chumba kizima kilinukia karatasi mpya na gundi, harufu ambayo siku hizi Harriet aliisikia hata usingizini.

"Shangazi, acha kugusa vitu vya watu."

"Vya watu? Ni kitabu chako hiki, ulichokiandika mwenyewe! Tazama kurasa."

Harriet akatazama. Moyo ukamlipuka paa! Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kingoni, vilevile zilivyotoka kwa mjalidi, mfunga vitabu, maana vitabu vya siku zile msomaji alivichana mwenyewe. Kisu cha karatasi hakijapita hata mahali pamoja. Na kitabu kisichochanwa, mwenzangu, hakisomeki.

"Aliniambia amekisoma mara tatu," akasema polepole.

"Amekisomea wapi? Kwenye tundu la ufunguo? Yule ana mzee anayemlipa amsomee miswada, yeye anasoma mauzo tu! Sasa sikia, mwanangu. Leo anataka jibu. Ukisema ndiyo, sheria ya nchi hii unaijua: kalamu yako, vitabu vyako, na kila utakachoandika kesho, mali ya mume. Kuku wewe, mayai yake. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Harriet akapitisha kidole kwenye kingo za kurasa zilizoshikana. Mwaka mzima alikuwa akitembea kama anayeelea, akiamini amempata mwanaume wa kwanza aliyemsoma akamwelewa. Kumbe! Iliuma, tena iliuma sana.

Mlango ukafunguka. Ambrose Pettifer akaingia anacheka, vidole vina wino.

"Samahani jamani, mpiga chapa wangu akianza kulalamika..." Akaona kitabu. Kicheko kikakatika.

"Bwana Pettifer, umekisoma kitabu changu?"

"Mara tatu."

"Kwa macho gani?"

"Bi Harriet, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze! Ungesema tu unatafuta mwandishi wa bure, ningekuelewa. Lakini kunidanganya kwamba unanipenda!" Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Shangazi, kofia yangu iko wapi?"

"Hii hapa, nimeshaishika."

Ambrose hakumzuia. Alisogea dirishani, akawapa mgongo, akasema kwa sauti ya chini:

"'Nilimpenda hata kabla hajafunga mwavuli.'"

Harriet akaganda, kofia nusu kichwani.

"Hayo yamo kitabuni?" shangazi akauliza.

"Hayamo," Harriet akanong'ona. "Niliyafuta kwa wino mzito kabla sijaleta mswada."

Yote yakamrudia: siku ya kwanza alipokuja kuuliza kama wanapokea kazi za wanawake, na bwana mmoja akaingia ametota, akipambana na mwavuli uliogoma kufunga, huku akimwomba radhi yeye na mwavuli pia.

"Niliuinua mswada hapa kwenye mwanga," Ambrose akasema. "Nikasoma ulichoacha na ulichofuta. Kisha nikasoma karatasi za majaribio za mpiga chapa, nikarudia. Hiki kilipotoka kwa mjalidi nikaapa sikichani peke yangu. Nikasema Mungu akijalia tutakichana wawili, mbele ya moto wetu, mimi nachana, wewe unanisomea. Jioni hiyo nimeiota mpaka chai inanipolea mkononi."

"Maneno matamu hayo," shangazi akadakia. "Na mali?"

"Kabla ya ndoa vitabu vyake vyote vitawekwa chini ya mdhamini, mume asiviguse. Nilitaka nikuombe wewe uwe mdhamini, Bi Drusilla. Sijamwona mwizi wa kuiba mbele yako."

"Hapo umesema." Shangazi akakaa, akajimiminia chai.

Harriet alikuwa bado amesimama palepale.

"Kwa hiyo ulijua. Muda wote huu ulijua nakupenda."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa umeyafuta maneno hayo, Harriet. Mwandishi akifuta kitu, mchapishaji hana ruhusa ya kukirudisha."

Harriet akavua kofia. Akachukua kisu cha karatasi mezani, akakiweka kwenye kiganja chenye wino, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Basi kirudishe nilichokifuta, Ambrose."