Makongoro ya Mzee Mwinjuma

Mwaija alikuwa anababua makongoro ya ng'ombe juu ya moto. Aliyageuza, kisha akayaparua kwa kisu. Mumewe, Mzee Mwinjuma, alikaa karibu. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kung'aa. Kanga ikikigusa tu, alipiga kelele.

"Ichemshe sana," alisema. "Supu hii inalainisha viungo."

"Wiki ya pili unalainisha! Mahindi yanakauka. Ekari mbili nitavuna peke yangu?"

Mwinjuma alijua hilo. Mvua ikiyakuta mahindi shambani, yataoza.

"Hodi!" Alikuwa Raheli, mhudumu wa afya wa kijiji. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa mbali na mguu wangu."

Raheli alicheka, akakaa mbali. "Mzee, hapa Mkata wewe ndiye mchinjaji wetu. Ukichinja wanakupa nini?"

"Haki yangu. Maini, figo na makongoro. Kila Ijumaa."

"Na kunde unakula?"

"Nimeacha. Nasikia zinavimbisha miguu."

"Unakunywa nini?"

"Soda mbili kwa siku," Mwaija aliwahi kujibu. "Maji anaogea tu."

"Huenda ni jongo, ugonjwa wa viungo," alisema Raheli. "Lakini kwa macho siwezi kujua. Nendeni mkapime damu."

Walipanda basi hadi Korogwe. Vipimo vilionyesha asidi ya yuriki imezidi. Daktari alimpa dawa na kumwambia apunguze uzito. Waliporudi, Raheli aliwaeleza.

"Asidi hiyo ni taka ya mwili. Figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, hugeuka chembe ngumu ndani ya kiungo. Hizo ndizo zinazochoma. Unene huiongeza. Maini, figo, nyama nyingi, dagaa na soda pia."

"Na supu yangu?"

"Supu nzito ya nyama pia, mzee."

Mwaija alitazama sufuria. "Kumbe nilikuwa nampikia maumivu."

"Hukujua, mama. Wengi hufanya hivyo. Mrudishie kunde na mchicha. Ugali uwe mdogo. Anywe maji. Ila asishinde njaa. Uzito ukishuka ghafla, maumivu huweza kurudi. Na dawa asiache bila kumwuliza daktari."

Mwinjuma alikuna kichwa. "Nikikataa haki yangu, watasema najidai."

"Ipokee, kisha uigawe."

Ijumaa iliyofuata alipokea maini, akampa jirani yake Sadala. Sadala alishangaa. "Mzee, unaumwa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana unakula wewe."

Uvimbe ulipokwisha, alianza kutembea asubuhi. Kwanza hadi barabara kuu, baadaye hadi shambani. Baada ya wiki sita mkanda wake ulisogea tundu moja. Mahindi yalikuwa yamekauka kabisa, na mawingu yalianza kuonekana.

Walivuna pamoja siku nne. Jioni ya siku ya nne Mwaija alihesabu. "Imebaki mistari miwili. Tumalize?"

Mwinjuma alikunywa maji kwenye dumu. Aliinama, akakaza kamba za kiatu cha kulia.

"Kesho," alisema. "Kesho nakuja tena kwa miguu."

Akatangulia njiani.