Mbao Ndani ya Sufuria

Kila asubuhi Vilasini alianza na ndoo. Kabla ya chai, kabla ya kuchemsha muhogo, alimwaga maji jikoni kote. Alisugua sakafu kwa fagio gumu, kisha akayasukuma maji mpaka nje. Mama mkwe wake, Mama Kalyani, alisimama mlangoni akikagua.

"Mwaga tena pale pembeni. Jiko lisilooga ni zizi hilo."

"Haya, Mama."

Mtaa mzima uliosha majiko hivyo, na Vilasini hakuwa na ugomvi na maji. Ugomvi wake ulikuwa na kabati. Kabati la nyumba hii ya kupanga lilikuwa limekunywa maji ya kila siku mpaka likavimba chini. Mlango haukufungika tena. Panya waliingia na kutoka kama wenye nyumba, na mchele wa nyumbani ndio ulikuwa karamu yao.

Lakini sasa nyumba yao wenyewe ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara. Ilibaki jiko tu. Tangu aolewe, Vilasini alikuwa akipika katika jiko la watu. Hili lingekuwa lake, na alilitamani kama mtoto anavyotamani sikukuu.

Jioni moja mumewe, Dineshan, alirudi kutoka kazini akichekacheka. Alikuwa dereva wa basi, lakini useremala aliupenda na mkono ulimkubali. Alishika kipande cha ubao mweupe unaong'aa.

"Mama watoto, ona mambo! Makabati nayatengeneza mwenyewe. Ubao huu ni bei nafuu, hauhitaji randa wala rangi. Unakata, unapiga skrubu, kwisha kazi! Kesho nakwenda kuuchukua."

Vilasini akaugeuza ubao. Pale ulipokatwa aliona chenga za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi.

"Baba watoto, si ndio ubao wa kabati letu hili?"

"Hili mmeliua nyinyi kwa maji yenu! Huko tutapangusa kwa kitambaa kibichi, basi."

Mama Kalyani alitokeza kichwa kutoka chumbani. "Nani apanguse? Nizike kwanza, halafu ndio uje na hicho kitambaa chako!"

Dineshan akanywea. Vilasini alitaka kulia. Aliwaona panya wakihamia nyumba mpya hata kabla yao. Ila kuuliza si ujinga. Akachukua kile kipande, akaenda kwa jirani yao, Thresiamma, mwenye karakana ya samani.

Thresiamma alikitazama mara moja tu. "Mwambie shemeji asinunue kitu. Kesho njooni wote, mnywe chai."

Asubuhi walimkuta ameinjika sufuria kuukuu. Akatumbukiza kile kipande cheupe. Kisha akatumbukiza kipande cha plaiwudi, akafunika.

"Dada, leo tunakula mbao?" Dineshan akauliza.

"Utakula wewe, ukibisha."

Wakanywa chai, wakapiga soga, maji yakitokota. Jua lilipopanda sana, Thresiamma alifunua sufuria. Ubao mweupe ulikuwa umevimba na kupasuka. Alipouinua kwa upawa, nusu yake ilibaki majini. Plaiwudi ilitoka moto lakini imenyooka. Dineshan alichomeka kisu kati ya tabaka zake, akasukuma kwa nguvu. Hazikuachana.

"Jamani!" akasema, akijishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nakwenda kununua uji!"

Vilasini alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Rahisi huvunja upishi," Thresiamma akasema. "Lakini sikiliza, shemeji, plaiwudi nazo si zote sawa. Nyingine zikiloa zinaachana. Omba ile ya kustahimili maji. Usiamini mhuri wa kiwandani peke yake. Omba kipande, kachemshe mwenyewe."

"Hiyo si ghali?"

"Kwani lazima iwe jiko zima? Makabati ya chini, yanayorushiwa maji, hayo ndiyo uyawekee plaiwudi nzuri. Rafu za juu, mbali na maji na mvuke, ubao wako mweupe unatosha. Na milango, si mna mfenesi ulioanguka?"

"Tulishaupasua. Mbao ziko kivulini tangu mwaka jana."

"Basi zimekauka, zitumie. Zingekuwa mbichi zingepinda."

"Na yale maji ya Mama?" Vilasini akauliza. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

"Kabati lisiguse sakafu. Liwekeeni miguu ya chuma kisichoshika kutu, maji yapite chini. Na kila ukingo uliokatwa upakeni rangi ya mafuta, hata tundu la bomba la sinki. Ubao huanza kunyonya maji pale penye kidonda."

Dineshan alifanya kazi kila siku ya mapumziko. Mvua kubwa zilipoanza, makabati yalikuwa tayari, na Mama Kalyani alivuka barabara kila asubuhi na ndoo yake kuyajaribu. Hakumwonea huruma mtu.

Mvua zikaisha. Ikafika siku ya kuhamia, siku ya kuchemsha maziwa katika jiko jipya. Jamaa na majirani walijazana. Vilasini alikoleza moto. Maziwa yakapanda, yakafurika kama mila inavyotaka, ishara ya baraka nyumbani. Watu wakashangilia. Maziwa yakatiririka juu ya meza ya jiko, yakashuka kwenye milango ya mfenesi, yakafika sakafuni.

Mama Kalyani hakungoja wageni watoke. Alinyakua ndoo, akamwaga. Maji yakapita chini ya makabati, yakatokea upande wa pili, yakaenda zake nje.

Vilasini aliinama, akafungua mlango wa kabati la chini. Ndani palikuwa pakavu, na gunia la mchele lilikuwa zima. Akaufunga. Ukafungika vizuri. Akashusha pumzi ndefu, akaegemea kabati lake.

"Mama," akasema, "mwaga nyingine."