Ilimba na Sikio la Kushoto

Enzi zile kule Mvumi, mavuno yakiisha, ilimba ya baba yake Matonya ndiyo iliyojaza watu uani. Ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Baba hayupo tena, ilimba imebaki. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza mtama soko la Majengo, Matonya huiegemeza kwenye sikio la kushoto akaipiga kidogo. Ndivyo anavyomkumbuka mzee wake.

Jumatatu moja aliipiga, haikuvuma kama kawaida. Akalaumu utando wa buibui, ule unaobandikwa kwenye tundu ili sauti ivume. Akaubandua, akabandika mwingine. Siku mbili alihangaika nao, hadi mkewe Edina akamwambia ilimba inavuma vilevile. Akaihamishia sikio la kulia. Kweli, ilivuma. Kumbe kilichonyamaza ni sikio.

Edina akapasha mafuta ya alizeti. Matonya akalaza kichwa, akamkumbuka mama yake alivyomtilia mafuta sikioni utotoni, na moyo ukalainika. Wakati huohuo jirani yao Hamida, muuguzi, akaingia kurudisha ungo.

"Shikamoo, baba. Sikio limeanza lini?"

"Marahaba. Juzi. Lilizima ghafla, limebaki kulia lenyewe ndani kwa ndani."

"Usitie kitu chochote. Sikio likizima ghafla ni dharura. Twende hospitali leo."

Matonya akasema angoje kwanza amalize mzigo wa mtama.

"Baba, siku zikipita, dawa inaweza isisaidie. Huenda usiisikie tena ilimba kwa sikio hilo."

Matonya akasimama, akatafuta viatu.

Daktari alimulika sikio, akampima usikivu. Akaeleza kuwa vyanzo ni vingi: nta iliyoziba, maambukizi, kelele kubwa, damu kutofika vizuri, hata baadhi ya dawa. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Nta haikuwamo, tatizo lilikuwa ndani zaidi. Akampa vidonge na tarehe ya kurudi, akamwambia wazi kwamba si wote wanaopona, ila wanaowahi wana nafasi nzuri zaidi.

Mafuta yalirudi jikoni, yakakaangiwa mchicha.

Siku hizi mtu akilalamika sokoni kuwa sikio limezima, Matonya humuuliza "Lini?" hata kabla ya salamu, kisha humwonyesha njia ya hospitali.

Maana wiki ya tatu tangu aanze vidonge aliegemeza tena ilimba kushoto. Sauti ilikuja nyembamba, haikurudi yote. Lakini utando ulivuma, na Matonya akamsikia baba yake, akalia bila kuona aibu.