Pompa ya Marehemu Donat

Chomba alikuwa chini ya lori, katika gereji moja kwenye barabara ya Kasumbalesa, pompa ya grisi ilipoanza kuvuja. Akaziba mdomo wa pompa kwa kidole gumba cha kulia. Pompa ikatema. Tundu lililobaki kidoleni lilikuwa dogo kama la sindano, na halikuuma hata kidogo.

"Ile pompa ni ya Donat!" mwenzake Aristote alinong'ona. "Matanga haiyaisha!"

"Donat alikufa. Yeye ndiyo atapaka grisi?"

Ubishi, basi! Gereji nzima inajua kwamba vyombo vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe na familia ije kuvichukua. Donat mwenyewe, fundi mwenzao, alikuwa amekufa juzijuzi tu, kidole kimemvimba. Chomba alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Pompa aliyoiweka chini ilikuwa ikilia yenyewe: chik, chik.

Mchana kiganja kilikuwa kimevimba. Aristote alimkimbiza hospitali kwa teksi, na njiani vidole vya Chomba vikaanza kujikunja na kujikunjua bila yeye kutaka, vile vile Donat alivyokuwa akipampu.

Daktari Delphine hakulidharau lile tundu.

"Grisi ilishaingia mu mukono yote," alisema. "Nikingoja kesho, nitaikata. Napasua sasa hivi."

Kinywa cha Chomba kikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Aristote aliitambua, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usinitoe, mama. Mukono yangu ilioza. Niko natafuta tu ingine ya kufanya nayo kazi."

Delphine aliogopa, tena sana, lakini alipasua, akaosha, na grisi nyeusi ikatoka, ikazidi kutoka, nyingi kuliko mkono wowote unavyoweza kubeba, huku kitu kikilia chik, chik chini ya meza na harufu ya gereji ikiwakaba wote kooni, mpaka vidole vikalegea na kukawa kimya.

Kesho yake Chomba alichezesha vidole vyote vitano, akalia kwa furaha. Aristote alikuwa amempelekea mjane wa Donat pompa yake, naye ameipokea kwa mikono miwili. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Delphine alipoinama kukagua kidonda, Chomba alivuta pumzi.

"Docteur," alinong'ona, "mukono yako iko nanuka grisi."

Delphine aligeuza kiganja. Kwenye gumba lake la kulia palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Halikuuma hata kidogo.