Samaki wa Wanawake Wanne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Fidélie alifagia kiwanja mbele ya nyumba yao, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, mtaa wa Panda, kisha akawasha makaa kwenye mbabula. Jiko hilo la makaa lilikuwa kazi ya baba yake, Papa Germain, aliyelitengeneza kwa vipande vya bati. Papa Germain alikuwa fundi wa kuchomelea kiwandani Shituru mpaka mkataba wake ulipoisha mwaka uliopita. Tangu hapo alitengeneza mbabula na kuziuza, lakini si kila wiki alipata wateja.

Mama yake, Mama Alphonsine, ndiye aliyejua namna ya kufanya chakula kidogo kitoshe watu watano, Fidélie na wadogo zake wawili wakiwemo. Alichanganya unga wa mahindi na wa muhogo ili bukari, ugali wao, ishibishe. Maharage aliyaloweka mapema ili yaive bila kumaliza makaa. Nyuma ya nyumba alipanda mchicha wa lengalenga na viazi vitamu, na majani ya viazi nayo yaliingia chunguni. Mara moja kwa mwezi parokia iliwapa unga, maharage na chupa ya mafuta, kama familia nyingine zilizokuwa kwenye orodha. Siku hiyo Fidélie, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alisimama na mama yake kwenye foleni. Alijifunga kitambaa kichwani mpaka karibu na macho, asitambuliwe na mtu wa shuleni.

Kulikuwa na mpango mwingine ambao Mama Alphonsine aliuanzisha mwenyewe. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, yeye na majirani watatu walichanga na kununua katoni moja ya samaki wa barafu sokoni. Kwa katoni, kila samaki alikuwa nafuu zaidi kuliko wa kununua mmoja mmoja. Mama Alphonsine aliibeba kichwani mpaka nyumbani, kisha wanne hao waligawana juu ya beseni, wakiwapaka samaki chumvi ili wakae bila kuoza. Fungu la kwanza alipewa mmoja wao, Mama Glodie, jirani wa mlango wa pili. Mtoto wake Glodie, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuwa ametoka hospitali akiwa amekonda sana, na muuguzi alisema uji wake utiwe samaki aliyepondwa.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko, Fidélie alikaa na Tania, rafiki yake wa dawati moja. Tania alikuwa na mkate na yai. Baba yake, Papa Lambert, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, tena alikuwa mmoja wa watu wa kamati ya chakula ya parokia. Tania alimega mkate, akampa Fidélie nusu kama kawaida yake.

"Papa anasema wengine kwenye ile foleni ya parokia hawana shida hata kidogo," Tania alisema. "Wanapenda tu vya bure."

Fidélie alitafuna polepole. Hakujua aangalie wapi.

"Lakini nyinyi mko vizuri," Tania aliendelea. "Jumamosi nilimwona mama yako na katoni ya samaki kichwani. Mlikuwa na sikukuu?"

Hapo Fidélie angeweza kusema ukweli kwa maneno machache. Badala yake aliona njia ya kukwepa, akaifuata.

"Si sikukuu. Sisi hula samaki kila siku."

"Katoni nzima ni ya kwenu peke yenu?"

"Ya kwetu. Mama hapendi kununua kidogo kidogo."

Tania alimtazama kwa kumstahi, na Fidélie alijisikia mrefu kidogo. Kengele ilipolia alikuwa ameshasahau.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, jioni, jua likiwa bado halijazama, Papa Germain alikuwa kiwanjani akigonga bati, na redio ndogo ilikuwa juu ya dirisha. Kulikuwa na mjadala, na watu walipiga simu kutoka kila pembe ya mji. Swali lilikuwa kama parokia na mashirika yaendelee kugawa chakula. Mzee mmoja alisema watu wapewe mbegu na majembe badala ya unga. Mwanamke mmoja alimjibu kwamba mbegu ni nzuri, lakini mtoto hawezi kungoja mavuno. Papa Germain aliitikia kwa kichwa, akakubaliana na wote wawili.

Kisha ikasikika sauti ambayo Fidélie aliijua.

"Miye ni Lambert, wa Panda," sauti ilisema. "Sikatai kusaidia. Mwenyewe ninatoa. Lakini kuna mama mmoja kwenye orodha yetu anayenunua katoni nzima ya samaki kwa nyumba yake tu. Si uvumi. Mtoto wake mwenyewe alimwambia binti yangu. Na huku nyuma kuna wajane ambao bado hawajapata nafasi."

Nyundo ya Papa Germain ilisimama hewani. Mama Alphonsine, aliyekuwa akichambua lengalenga, aliweka majani chini. Papa Lambert hakutaja jina, lakini Panda nzima ilimjua mama aliyebeba katoni.

"Fidélie," mama yake aliita, "nani alisema kwamba katoni ile ni yetu peke yetu?"

"Sijui, mama."

Mama Alphonsine hakuuliza tena. Fidélie aliingia ndani, akakaa kitandani na mikono yake katikati ya magoti. Sasa alikuwa na uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kesho yake alasiri, Mama Madeleine, mkuu wa kamati, alikuja nyumbani. Alikuwa mwalimu mstaafu, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwa na haraka ya kusema. Alikataa kiti.

"Mama Alphonsine, samahani. Watu wamelalamika. Kutakuwa na mkutano Jumapili baada ya misa, na kila mtu anaruhusiwa kusema. Mpaka hapo, kamati imeniomba nishike kadi yenu ya chakula."

Mama Alphonsine alitoa kadi ndani ya kibeti chake, akampa. "Nawe unaamini?"

"Nimekuja kuchukua kadi, sikuja kuhukumu," Mama Madeleine alijibu. "Njoo Jumapili."

Jumamosi ilifika, lakini Mama Alphonsine hakwenda sokoni. Aliwarudishia majirani michango yao mmoja mmoja. "Nikionekana tena na katoni, watasema ninawacheka," aliwaeleza. Wenzake nao waliogopa. Wawili kati yao walikuwa kwenye orodha hiyo hiyo.

Mchana ule Fidélie alitumwa kumpelekea Mama Glodie chumvi. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti, mtoto mapajani, akimlisha uji mweupe. Glodie alifungua kinywa, akaonja, akageuza uso. Mama yake alijaribu tena, na tena mtoto akageuza uso.

"Amezoea wa samaki," Mama Glodie alisema kwa upole. "Si kitu. Wiki ijayo labda mambo yatakuwa yametulia."

Hakumlaumu mtu. Kama angelaumu, pengine Fidélie angepata la kujitetea. Alitazama mkono wa yule mtoto, mwembamba kama kijiti, ukisukuma kijiko. Aliweka chumvi chini, akakimbia mpaka nyumbani, akamkuta mama yake anafua.

"Ni mimi, mama," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza. "Nilimwambia Tania katoni ni yetu peke yetu. Nilisema tunakula samaki kila siku. Na ulipouliza nilisema sijui."

Mama Alphonsine alikamua nguo aliyokuwa ameshika, akaitundika kwenye kamba, akarekebisha pembe zake.

"Kwa nini?"

"Sikutaka ajue kwamba tunasimama kwenye foleni."

"Unaniona mimi nina haya kusimama pale?"

Fidélie alifikiri. "Hapana."

"Ninayo kidogo," mama yake alisema. "Mara ya kwanza nilizunguka parokia mara mbili kabla ya kuingia. Lakini nilipofikiria sahani zenu, niliingia." Alijipangusa mikono kwenye kitenge chake. "Kesho nikisema mimi, watasema mama anajitetea. Uliyesema ni wewe. Utaweza kusimama?"

"Naogopa."

"Uogope, lakini usimame. Nitakuwa karibu."

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa. Fidélie alikaa kati ya wazazi wake. Mama Madeleine alisalimia wamama na wapapa, kisha akawapa watu nafasi.

Maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema anayepokea unga asionekane na nyama wala samaki, kwa sababu inawavunja moyo wanaotoa. Kijana mmoja anayechimba madini kwa mkono aliuliza kama maskini sharti ale maharage mpaka afe. Watu waliguna. Papa Lambert alisimama akiwa na kofia mikononi.

"Mimi simchukii mtu," alisema. "Magunia tunayopata ni machache na orodha ni ndefu. Tukimpa asiye na shida, tunamnyima mwenye shida. Ni hilo tu."

Fidélie aliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema jambo la haki juu ya habari ya uongo, na uongo huo ulitoka kwake. Alisimama kabla moyo haujamrudisha chini.

"Mama Madeleine, naomba kusema."

"Sema, mtoto wangu."

"Naitwa Fidélie. Mtoto aliyesema habari za katoni ni mimi, na nilidanganya." Alishika kiti cha mbele, akaendelea. "Samaki si wetu peke yetu. Mama hununua pamoja na wamama watatu, wanachanga, wanagawana. Sisi hula samaki siku mbili kwa wiki, vipande vidogo. Nilimdanganya Tania kwa sababu niliona aibu kwamba tunapewa chakula na parokia. Jana mama hakununua, na mtoto wa jirani, ambaye ameambiwa na muuguzi ale samaki, hakula. Naomba mnisamehe. Papa Lambert, naomba unisamehe wewe pia."

Kisha Mama Glodie, aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni, alisema, "Ni kweli. Mimi ni mmoja wa wale wanne." Mwingine alisimama, na wa tatu naye.

Papa Lambert aligeuza kofia yake mikononi. "Mama Alphonsine," aliuliza, "kwa hiyo kila nyumba inapata samaki wangapi?"

"Wanane kwa wiki mbili, wakati mwingine tisa," Mama Alphonsine alijibu akiwa amesimama wima. "Tunawatia chumvi. Kichwa na mifupa nachemsha na majani ya viazi, supu hiyo inatosha siku nyingine. Nikinunua mmoja mmoja, kwa pesa ile ile napata watano tu."

"Kumbe ndivyo," Papa Lambert alisema, kama mtu anayejisemea. "Nilipaswa kuja kukuuliza kabla ya kupiga simu. Nyumba yako ni hatua chache tu kutoka dukani kwangu. Alhamisi nitapiga simu tena, na nitasema kwamba nilikosea."

"Aksanti, papa," Mama Alphonsine alisema, akakaa. Fidélie alihisi bega la mama yake likilegea kando ya lake.

Mwanamke mmoja wa pembeni aliuliza ni frigo ipi ya samaki wa barafu sokoni inayouza katoni nzuri, na je, hao wanne hawahitaji wa tano. Watu walicheka, na kicheko hicho kililegeza ukumbi wote. Kabla ya kuachana, kamati iliamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayesimamishwa kabla ya kutembelewa nyumbani na kusikilizwa. Wamama wengine wanane waliandikisha majina yao ili wanunue kwa pamoja.

Nje, Tania alimngojea Fidélie karibu na ukuta.

"Mimi ningekupa nusu ya mkate hata kama ungeniambia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeumia kidogo.

"Najua. Nisamehe."

"Nami nilisema vibaya juu ya foleni. Yalikuwa maneno ya papa, lakini kinywa kilikuwa changu."

Kisha Tania akamvuta mkono waende kunywa maji bombani.

Mama Madeleine aliwakuta hapo. Alimrudishia Fidélie kadi mkononi mwake, mbele ya watu waliokuwa wakipita.

"Sikilizeni nyote wawili," alisema. "Kupokea chakula unapokosa si kosa, na kujua kukitumia vizuri ni akili kubwa. Mama yako ametufundisha leo jambo ambalo kamati yetu haikulijua. Kilichotuletea shida ni neno moja lisilo la kweli, na wakubwa walioliamini bila kuuliza. Siku nyingine ukiona aibu, nyamaza, au sema kweli. Leo umesema kweli mahali pagumu, na nyumba nne zitakula vizuri kwa sababu hiyo."

Fidélie alimshukuru, akaiweka kadi ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Njiani kurudi Panda alihisi njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu Alhamisi. Alimwuliza mama yake watakula nini.

"Maharage," Mama Alphonsine alijibu.

Fidélie aliharakisha mwendo.